Gari ya kastomu haijapita Malaba

Juzi tena. Niko Ndeeba, Kampala, siku ya pili nangoja fundi anibadilishie bushi za mbele, vijana wamejazana kwenye simu moja wanaangalia klipu ya mnada wa magari ya zamani huko Marekani. Mmoja anasema "hiyo ni kastomu," mwingine anauliza "sasa ushuru wake pale mpakani Malaba si utakuwa balaa?" na wa tatu, huyu ndiye aliyeniuma, anafunga mjadala: "ukiona imefika milioni za dola ujue aliyeijenga ni fundi wa ukweli." Nimenyamaza mara nyingi sana, safari hii nikashindwa.

Gari ya kastomu ni gari iliyojengwa au kubadilishwa kwa oda ya mtu, kwa vipimo vyake na ladha yake, tofauti na ilivyotoka kiwandani. Basi. Rimu za kung'aa na stika ya "Mungu ni Mwema" kwenye Premio ni mapambo. Na ukiichukua gari ya zamani ukairudisha kama ilivyotoka kiwandani, skrubu kwa skrubu, hapo umefanya kinyume kabisa cha kastomu.

Sasa hii ya Malaba. Mwenyewe simcheki sana aliyeuliza maana hajapotea mbali, kastomu ya gari na kastomu ya forodha ni neno lile lile. Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha zamani, nacho kililitoa kwenye Kilatini, consuetudo, yaani mazoea, desturi. Kodi ambayo wafanyabiashara walizoea kumlipa mfalme ikaitwa desturi, ndiyo kastomu ya mpakani hiyo. Mtu aliyezoea kuja kununua kwako naye akaitwa kwa neno hilo hilo, na ndiye huyu kasitoma wetu wanayemvuta mkono kule soko la Owino, "kasitoma, njoo huku!" Halafu kwenye karne ya 19 Wamarekani wakaanza kutofautisha kitu kilichotengenezwa kwa oda ya kasitoma na kile ulichokikuta dukani tayari, nguo, viatu, na baadaye magari. Kwa hiyo kastomu ya gari ni ndugu wa kasitoma, na URA, wakusanya kodi wa Uganda, ni binamu wa mbali tu. Ingawa na sisi tuna yetu, kila yadi ya magari Kampala tunaiita bondi, na bondi kwa asili ni ghala la forodha ambako mali inakaa kabla kodi haijalipwa. Yadi nyingine kodi ilishalipwa zamani na bado ni bondi. Lugha ndivyo ilivyo.

Turudi kwa huyu wa tatu. Neno mnada linatoka kwenye kunadi, Kiarabu hicho, kuita kwa sauti. Mwanasiasa ananadi sera, dalali ananadi gari, na wote tunajua sera zinavyonadiwa. Hakuna kupima popote ndani ya neno hilo, ni sauti tu. Bei ya mnada inatengenezwa na watu wawili wanaotaka kitu kimoja, mmoja akichoka nyundo inagonga, kwa hiyo bei ni pale alipochokea yule aliyeshindwa, ukiongeza hatua moja. Fundi aliyeijenga hata hayupo kwenye hesabu.

Chukua gari ya Batman, ile ya televisheni ya 1966, kastomu haswa. George Barris alichukua gari ya maonyesho ya Lincoln ya 1955, inaitwa Futura, akaigeuza kwa kama wiki tatu. Wiki tatu bwana, na mimi nangoja bushi. Januari 2013 pale Scottsdale, Arizona, kwenye mnada wa Barrett-Jackson, nyundo iligonga kwenye dola milioni 4.2, ukiongeza asilimia 10 ya wenye mnada inakuwa milioni 4.62, ndiyo maana utasikia bei mbili za gari moja na watu wanabishana bure. Pesa hizo hazikulipia uchomeleaji. Zililipia utoto wa watu waliokaa mbele ya televisheni.

Au Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt, Januari 2020 kwenye mnada wa Mecum huko Florida, milioni 3.74 pamoja na ada, na ina kutu na rangi imechoka. Familia iliyoiuza iliinunua 1974 kwa dola 6,000. Na huku kuna kastomu aliyoihangaikia fundi hodari miaka mizima inauzwa chini ya gharama ya vipuri na mikono, na hilo ni la kawaida kabisa, shati lililoshonwa kwa mabega ya mjomba wako nani mwingine litamkaa?

Ubora unaukuta kwingine. Miaka kadhaa nyuma nilinunua Land Cruiser ya zamani "iliyojengwa", nikalipa vizuri na nikajisifu bei kila mahali. Mzee mmoja fundi wa bodi akatoa sumaku ya spika mfukoni akaipitisha kwenye mlango, inashika, inashika, ilipofika chini ya kioo ikadondoka. Akaiokota, akairudisha pale pale, ikadondoka tena. Akagonga kwa kifundo cha kidole, sauti ya boga. Puti, ile ya kuzibia bodi ambayo sumaku haiishiki, unene wa kidole. Halafu akafungua mlango akauachia, ukashuka kidogo, kuufunga mpaka uunyanyue kwa goti, maana bawaba zilikuwa zimechomelewa kwenye kutu. Rangi ya nje ilikuwa inang'aa vizuri tu, ungejiona sura.

Kwa hiyo yule kijana nilimwambia taratibu, sema "imeuzwa ghali" na hakuna atakayekupinga, hii ya "imejengwa vizuri" iweke kwanza mpaka uingie chini yake. Akafikiri kidogo akaniuliza kama huko Scottsdale wanamruhusu mtu kuikagua. Nikamwambia siku za kukagua zipo kabla ya mnada, ila nyundo ikishaanza gari inapita jukwaani dakika mbili tatu chini ya taa na inauzwa kama ilivyo, hapo hakuna anayeinama.