Zege la siku 28 katika semista ya wiki 15

Kila ukaguzi wa ithibati, yaani wa kuthibitisha kuwa kozi zinakidhi viwango, unapokaribia, wahadhiri wa uhandisi huulizwa kama mafaili yako tayari. Yangu huwa tayari: mtaala uliopitishwa, mitihani iliyohakikiwa, ripoti ya mtahini wa nje. Natamani mkaguzi aniulize pia tarehe tuliyomwaga zege.

Nafundisha vifaa vya ujenzi. Nguvu ya zege hupimwa kwa kuvunja michemraba yenye sentimita 15 kila upande, kwa kawaida siku ya 7 na siku ya 28. Hiyo ya 28 ndiyo mhandisi anayoitegemea anaposanifu nguzo au boriti. Sasa semista ni wiki 15. Ombi la saruji likikaa mezani bila sahihi, kundi la mwisho la wanafunzi litamwaga zege wiki ya 12, na siku ya 28 itawakuta wameshafunga chuo. Watavunja ya siku 7, watakadiria iliyobaki kwa kanuni ya kitabuni, au watanakili takwimu za mwaka jana. Ripoti inapendeza, alama zinatolewa, faili linatimia. Lakini mwanafunzi hakuona mchemraba wake ukipasuka. Ukipasuka vizuri, pande zote nne hubanduka karibu sawasawa na katikati hubaki kiuno chembamba. Ukimeguka upande mmoja tu, huenda uliwekwa vibaya kwenye mashine au uso wake haukuwa bapa, na jibu hilo halifai kuaminiwa. Jicho la namna hiyo hupatikana maabara tu.

Kati ya 2002 na 2006, Umoja wa Vyuo Vikuu vya Ulaya uliendesha mradi kuhusu utamaduni wa ubora na kuonyesha kuwa una sehemu mbili: taratibu za kiutawala, na maadili ambayo watu wa chuo wanayashika kwa pamoja. Taratibu tunazo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ipo tangu 2005, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina miongozo yake, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasimamia taaluma. Naziheshimu kwa dhati, maana bila hizo tungekuwa pabaya. Ila hakuna tume inayoweza kumpa fundi sanifu wa maabara ujasiri wa kusema, "Mashine hii haijahakikiwa, leo hatuvunji," wala kumfanya mkuu wa idara amsikilize. Hayo tunayajenga sisi wenyewe, au hayapo.

Hata mafunzo kwa vitendo ni hivyo. Daftari la mwanafunzi aliyetoka saiti hugongwa mhuri, huwekwa alama, kisha hufungiwa kabatini. Wanafunzi kadhaa wakiandika kwamba walishindwa kusoma jedwali la nondo, yaani orodha ya vipimo na maumbo ya vyuma vya kuwekwa ndani ya zege, hiyo ni habari juu ya kozi yangu, na inapaswa kufika kikao cha idara kabla ratiba mpya haijapangwa.

Ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: saruji na kokoto zinunuliwe kabla ya kufungua chuo, zege limwagwe wiki ya pili, hata kama somo la uwiano wa mchanganyiko halijafundishwa. Wapo wanaopinga, wanasema nadharia itangulie. Mimi namtaka mwanafunzi aingie kwenye mhadhara huo akiwa na namba zake mwenyewe za siku 7 mkononi, akitaka kujua kwa nini kundi la jirani limepata zaidi.