Mwanga Mpole Hauletwi na Taa ya Njano

Wiki hii nimepokea simu ya tatu yenye malalamiko yale yale. Safari hii ni mama mmoja wa Goba, nyumba mpya, jipsamu imekauka juzi tu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha moja kwa moja: "Fundi, nilitoa taa nyeupe zote nikaweka za njano kama nilivyoelekezwa dukani. Mbona macho bado yananiuma?" Nikamuuliza sebule ina ukubwa gani na taa ngapi. Mita 5 kwa 4. Spotilaiti 16, zile taa ndogo za kuzamishwa darini. Kila moja wati 12.

Amenunua taa mara mbili, na mara zote mbili ameambiwa kitu kisicho sahihi. Kwa hiyo leo naandika hili kwa urefu, ili anayejenga alisome kabla fundi wa jipsamu hajafunga dari.

"Ukitaka mwanga mpole, weka taa ya njano." Sentensi hii utaisikia Kariakoo kwenye kila duka la vifaa vya umeme, na mafundi wenzangu wanaisema bila kusita. Njano ni rangi tu. Taa ya Kelvini 3,000 inaweza kukuchoma macho zaidi ya taa ya Kelvini 6,500. Ile namba yenye K kwenye boksi inasema mwanga una rangi gani. Haisemi ni mwingi kiasi gani, wala haisemi utakupiga vipi ukiinua uso. Wapo pia wanaodhani 6,500 inamulika kuliko 3,000 kwa sababu namba ni kubwa. Wingi wa mwanga usome kwenye lumeni, na wati zikuambie LUKU italiwa kiasi gani. Basi.

Tupige hesabu ya sebule ya Goba. Taa 16 za wati 12 ni wati 192. LED za kawaida za madukani nazihesabia lumeni 80 kwa kila wati, kwa hiyo ni lumeni 15,360. Sehemu hupotea ukutani na kwenye vifuniko. Nikichukua asilimia 60 na kugawanya kwa mita za mraba 20, napata luksi 460 hivi, yaani lumeni zinazofika kwenye kila mita ya mraba. Ofisi ambamo watu wanasoma na kuandika kutwa nzima hupangiwa luksi 500. Yaani huyu mama amewasha ofisi nyumbani kwake, halafu anakaa humo saa 3 usiku akitaka kupumzika. Sebule mimi naipangia luksi 100 mpaka 150, na sehemu ya kusomea naipa taa yake.

Lakini wingi peke yake hauelezi yale maumivu. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ndipo watu wanaporuka.

Chukua lumeni 1,000 uzitoe kwenye spotilaiti yenye uso wa upana wa sentimita 9. Kisha chukua lumeni 1,000 hizo hizo uzitoe kwenye taa ya duara yenye kifuniko cheupe kama maziwa, upana sentimita 40. Mwanga uliotoka ni ule ule. Ila eneo linalong'aa limekuwa kubwa karibu mara 20, na kila sentimita yake inang'aa kwa kama sehemu moja ya 20. Jicho haliumizwi na jumla ya mwanga uliomo chumbani. Linaumizwa na kidoa kidogo kikali kilichozungukwa na giza. Spotilaiti zinaelekeza mwanga chini, kwa hiyo dari yenyewe na nusu ya juu ya kuta hubaki na kiza. Umejitengenezea vidoa 16 vikali kwenye uwanja mweusi. Mboni inajibana kwa sababu ya vile vidoa, na ikishajibana kona za sebule zinaonekana giza zaidi. Mwenye nyumba anasema, "Fundi, kona ile haina mwanga, ongeza taa." Fundi anaongeza. Nimeingia sebule zilizofikia taa 24 kwa njia hii, na mwenyewe bado analalamika giza.

Anayeninyima usingizi zaidi ni mtoto mchanga. Mipango ya taa za dari inachorwa kana kwamba watu wote wamekaa kwenye viti wakitazama mbele. Nyumba zetu haziko hivyo. Mkeka unatandikwa chini, mtoto analazwa chali, bibi anajinyoosha kwenye kochi baada ya chakula. Wote hao wanatazama juu, ndani kabisa ya zile spotilaiti. Ndiyo maana kabla sijatoboa dari yoyote nalala chini mwenyewe, katikati ya chumba, nikamwomba msaidizi ashike taa pale inapopangwa kukaa. Wateja wengine hushangaa. Naomba na wewe ufanye hivyo usiku wa leo nyumbani kwako: lala pale mtoto anapolala, hesabu ni taa ngapi unaona chipu yake ya njano, kile kijidoa kinachotoa mwanga, waziwazi. Kila unayoiona ni kosa la aliyepanga taa.

Imani hii ya njano naijua ilikotoka. Wengi wetu tulikulia kwenye chemli, na mwanga wa chemli ulikuwa wa njano na ulikuwa mpole. Tukaunganisha mambo mawili yaliyokaa pamoja kwa bahati. Chemli ilikuwa pole kwa sababu ilitoa makumi ya lumeni tu, na ilikaa chini, mezani au kwenye kigoda, wala haikuning'inia juu ya paji la uso. Kumbuka karabai: ilipotundikwa kwenye shughuli usiku, watu waligeuza migongo, na wavuvi wa dagaa wanaoitumia hawaitazami. Ile ilikuwa na nguvu nyingi kwenye kijifuko kidogo, hata ungeipa rangi gani, isingekuwa pole. Chemli hiyo hiyo imetupa pia kosa la upande wa pili, la kuona taa ya njano kama kurudi kwenye umaskini, na tyubu nyeupe kama dalili kwamba umeme umefika. Simlaumu anayehisi hivyo. Namwomba tu asichague taa za chumba cha kulala kwa hisia hiyo.

Je, rangi haina maana kabisa? Ina maana, na kwa sebule na vyumba vya kulala mimi naweka Kelvini 2,700 au 3,000. Sababu inayotolewa sana ni mchoro wa Arie Kruithof wa Philips wa mwaka 1941, unaosema mwanga mdogo hupendeza ukiwa wa njano, na mwanga mweupe hupendeza ukiwa mwingi. Tulifundishwa kama sheria. Majaribio ya baadaye yameutikisa sana mchoro huo, na sipendi tena kuutumia kumshinda mteja. Naendelea na njano usiku kwa sababu nimeona watu wakitulia chini yake, na kwa sababu mwanga wenye buluu nyingi usiku huubana mwili usitoe homoni ya usingizi. Hapo nako nisikuze mambo: taa ya dari iliyofifia haiwezi kulinganishwa na jua la mchana, na kuna watu wanalala vizuri chini ya tyubu nyeupe. Kwenye sebule yenye kuta za kahawia na makochi mekundu, Kelvini 2,700 wakati mwingine huniletea rangi ya matope, nikapanda mpaka 3,500. Kanuni sina. Nachukua balbu mbili mkononi naenda nazo.

Sasa jinsi ya kupata upole wenyewe. Mwanga unaotaka kuupokea upige kwanza kitu kikubwa cheupe, ndipo ukufikie. Kitu kikubwa cheupe unacho tayari: ni dari. Ndiyo kazi ya ule mfereji wa jipsamu unaozunguka chumba, wenye mkanda wa LED umefichwa ndani yake. Na karibu kila mfereji ninaoukuta umeharibiwa kwa njia moja: fundi ameacha nafasi ya sentimita 5 kati ya ukingo na dari. Mwanga hauna pa kutokea, unabaki mstari mkali pembeni, kama mapambo ya ukumbi wa harusi. Acha sentimita 15, ukiweza 20. Fundi wa jipsamu atasema chumba kitaonekana kifupi. Mvumilie, lakini usimkubalie. Kama dari ni fupi kweli, acha mfereji kabisa, weka taa mbili pana za kifuniko cheupe, na hutajuta.

Kwa sebule ya mita 5 kwa 4 mzunguko ni mita 18. Mkanda wa wati 5 kwa mita unatosha: wati 90, na draiva, kile kiboksi kinachoulisha mkanda umeme, nachukua ya wati 120 ili isichemke. Chukua mkanda wa volti 24. Wa volti 12 unabeba ampea mara mbili kwa kazi ile ile, na ukiuunga mrefu, mwisho wake unafifia mpaka mgeni anaona. Dari ipakwe emalshani nyeupe isiyong'aa. Rangi ya kung'aa itaonyesha mkanda wote kama kioo, kila kidoa cha LED. Na skimu, ile lipu nyembamba ya kulainisha dari, ipigwe kwa makini, kwa sababu mwanga unaoparaza dari huchora kila kiungo cha bodi na kila mkwaruzo wa msasa. Nimewahi kulaumiwa kwa dari iliyokuwa imepinda tangu siku ya kwanza. Taa zangu ndizo zilizoisema.

Spotilaiti sizikatai. Weka 4 au 6 ambazo chipu imezama ndani kwa sentimita 4 au zaidi, uzisogeze karibu na ukuta, sentimita 60 hivi, zimwagie mwanga pazia au picha. Usiziweke juu ya kochi.

Haraka haraka haya mengine. Tafuta taa iliyoandikwa Ra 90; Ra ni kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uhalisia. LED nyeupe ni chipu ya buluu iliyofunikwa fosfori, unga unaogeuza sehemu ya buluu kuwa rangi nyingine, na zile za bei ya chini hazina wekundu wa kutosha, ndiyo maana khanga nyekundu inaonekana imechakaa na ngozi zetu zinapauka. Tikisa kalamu chini ya taa: ukiona kalamu nyingi zilizokatikakatika badala ya ukungu mmoja, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, irudishe dukani. Dima, swichi ya kupunguza mwanga, inunue pamoja na taa inayokubali dima, uzijaribu zote kabla ya kulipa. Kama dima ni ghali, tenganisha tu waya: mfereji swichi yake, spotilaiti swichi yake.

Kuna jambo moja linalonisumbua bado. Miaka kadhaa nyuma nilipanga sebule ambayo niliipenda sana, tulivu, luksi 80 hivi. Baba mkwe wa mteja alikuwa akikaa hapo kusoma msahafu baada ya isha. Alihamia barazani na tochi, hakusema neno, na mimi niliambiwa baada ya miezi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Nilijua hilo na sikuuliza nani anakaa mle. Sasa swali langu la kwanza ni umri wa wanaoishi ndani, na kwa wazee naongeza mwanga mara mbili mpaka tatu pale wanaposomea, kwa taa ya pembeni yenye kofia.

Huyu mama wa Goba nilimfikia Jumamosi. Hatukununua kitu siku hiyo. Nilitoa balbu 10 kati ya 16, nikabakiza zile za karibu na ukuta, tukazima, tukawasha. Alikaa kimya kidogo, akaangalia kona ile aliyosema ina giza, akaniuliza kama nimeongeza taa. Wiki ijayo ninarudi kuziba yale matundu 10 na kubishana na fundi wake wa jipsamu kuhusu sentimita 15.