Shakespeare na Cervantes hawakufa siku moja, jamani

Kila ikifika tarehe 23 Aprili naletewa ile kadi ya "leo katika historia", Shakespeare wa Uingereza na Cervantes, mwandishi wa Hispania, 1616, wote wamekufa siku moja. Mwaka huu imenifikia mara nne kabla ya saa sita mchana, na mmoja wa waliotuma anafundisha historia, hapo ndo nikasema basi, naandika.

Hispania ilishahamia kalenda ya Gregori, hii tunayotumia leo, tangu 1582, Uingereza ikang'ang'ania ile ya zamani, ya Juliasi, mpaka 1752. Kwahiyo mwaka 1616 aliyeko Madrid na aliyeko Stratford, mji wa kwao Shakespeare, wameota jua lilelile ila tarehe zao zinapishana siku 10. Siku Cervantes anazikwa, tarehe 23 Aprili ya Madrid, Stratford ilikuwa tarehe 13 na Shakespeare yuko hai. Alikuja kufa tarehe 23 ya kwao, ambayo Madrid waliiita 3 Mei.

Na nimesema anazikwa, sijateleza. Hapa ndo watu wanaponichosha kuliko pote. Rejista za parokia zile ziliandika ubatizo na mazishi, sio kuzaliwa na kufa. Cervantes alikufa tarehe 22, hiyo 23 ni ya kaburi. Shakespeare rejista ya kanisa inamwonyesha amezikwa tarehe 25, ile 23 tunaitoa kwenye mnara wake wa ukumbusho ulioko ukutani kanisani humohumo. Kuzaliwa kwake ndo kabisa, tulichonacho mkononi ni ubatizo wa tarehe 26 Aprili 1564, ile 23 imezoeleka tu kwa vile inapendeza mtu azaliwe na kufa tarehe moja, na hata mimi nimewahi kuiandika bila kuweka neno "inasemekana", sasa hivi siiandiki tena hivyo.

Afu kuna wanaoniambia sawa, tumeelewa, unaongeza siku 10 mambo yanaisha. Hayaishi. Mwaka 1700 Juliasi iliuhesabu mwaka mrefu, ule wenye 29 Februari, Gregori haikuuhesabu, tofauti ikawa 11, 1800 ikawa 12, 1900 ikawa 13, ndo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, tarehe 25 Oktoba 1917 kwa Juliasi waliyokuwa bado wanaitumia, wenyewe walikuja kuyasherehekea 7 Novemba.

Mwaka nao. Uingereza ya zamani mwaka mpya ulianza 25 Machi, kwahiyo mfalme wao Charles I alivyokatwa kichwa tarehe 30 Januari makarani wa siku zile waliandika 1648, sisi tunaandika 1649. Ila angalia tulivyofanya: mwaka tumeubadilisha, tarehe tumeiacha. George Washington, aliyezaliwa Marekani ikiwa bado koloni la Uingereza, tumembadilishia vyote tarehe yake ya kuzaliwa, kutoka 11 Februari 1731 kwenda 22 Februari 1732. Shakespeare hatukumgusa. Ukiniuliza kanuni ni ipi nitakwambia ni mazoea, na kila nikipanga orodha ya matukio nasita palepale.

Kinachoniuma ni mazoea yakigeuzwa muujiza. Eti Newton, mwanasayansi wa Uingereza, kazaliwa mwaka aliokufa Galileo, mwanasayansi wa Italia! Galileo, 8 Januari 1642, hiyo ni Gregori. Newton, 25 Desemba 1642, hiyo ni Juliasi. Waweke wote kwenye Gregori, Newton anazaliwa 4 Januari 1643. Waweke wote kwenye Juliasi, Galileo anakufa 29 Desemba 1641. Vyovyote utakavyogeuza hawakutani, mpaka uchanganye kalenda mbili kwenye sentensi moja.

Mtu akinibishia sana huwa namtajia Mtakatifu Teresa wa Avila. Alikufa Hispania usiku wa Alhamisi tarehe 4 Oktoba 1582 kuamkia Ijumaa tarehe 15. Ndio, 15, usiku mmoja tu, ndo ule usiku kalenda ilivyobadilishwa. Sikukuu yake mpaka leo ni tarehe 15 Oktoba.