Je, Wajua Silabi Moja Inavyoweza Kumficha Mwenye Mamlaka?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayetafuta mamlaka katika lugha hutazama matusi, amri na vyeo: nani huitwa "mheshimiwa" na nani huitwa "wewe" tu. Nilipoanza kusoma uchanganuzi hakiki wa diskosi, yaani uchunguzi wa jinsi matumizi ya lugha yanavyobeba mamlaka, nilihamia kosa la pili ambalo lingali limeenea, yaani kwamba tatizo ni kauli ya kutendwa, na kwamba kila aandikaye "vibanda vilibomolewa" anamkinga aliyebomoa.

Kosa hilo lina chimbuko la kuheshimika. Mwaka 1979 mtafiti Tony Trew alilinganisha magazeti mawili ya Uingereza yaliyoripoti jinsi polisi walivyowapiga risasi Waafrika mjini Salisbury, Rhodesia (leo Harare, Zimbabwe), Juni 1975. Kichwa cha habari cha The Guardian kilianza na polisi, wakiwa watendaji. Cha The Times, katika kauli ya kutendwa, kilianza na weusi wenye kufanya ghasia, nao polisi wakaja nyuma. Sisi tuliuchukua uchunguzi huo jinsi ulivyo, bila kuuliza vitenzi vyetu vina nini cha ziada.

Tuseme kibanda cha muuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu, kimeanguka. "Kilibomolewa" haimtaji aliyebomoa, lakini inakiri kwamba yupo, na unaweza kuongeza "na askari wa kaunti" bila kuharibu sentensi. "Kilibomoka" haipokei nyongeza hiyo; asemaye "kilibomoka na askari" atasahihishwa hata na mtoto. Kauli ya kutendwa ni kama matatu iliyoegeshwa stendi, dereva akiwa ameshuka: kiti chake kipo, nawe una haki ya kuuliza alikokwenda. Kauli ya kutendeka, yaani ile ya "kilibomoka", ni kama mkokoteni unaoteremka mlima peke yake. Haukuundwa na kiti cha dereva, kwa hiyo swali la aliyeusukuma halimjii mtazamaji kwa urahisi. Kazi yote hiyo inafanywa na miishio miwili mifupi ya kitenzi, -lewa na -ka.

Tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilisomba makazi usiku na kuua zaidi ya watu 40. Karibu sote tulisema "bwawa lilipasuka", nami nilisema hivyo. Ni Kiswahili sanifu, na ukuta wa udongo kwa kweli hupasuka kwa uzito wa maji. Sarufi haithibitishi hatia ya mtu yeyote. Hata hivyo, kitenzi hicho hututazamisha mvua kabla hatujauliza juu ya aliyelijenga na aliyepaswa kulikagua.

Kwa sababu hiyo sentensi moja haitoshi kuwa ushahidi, kwani mwandishi huenda alikuwa na haraka, au hakumjua mtendaji. Kinachofaa kuhesabiwa ni mgawanyo, katika habari nyingi: nani hupewa kitenzi chenye mtendaji, na nani huondolewa. Chukua sentensi ya aina ambayo msomaji wa Kenya ameizoea: "Waandamanaji walirusha mawe na risasi zikafyatuka." Mawe yana mikono iliyoyarusha. Risasi, ambayo haiwezi kutoka bila kidole, imetoka yenyewe.