Chicha, kokwa la embe na beseni la maji: maswali mnayoniuliza kliniki kuhusu michezo ya hisia

Mimi ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Dar, na wa kwangu nyumbani ana miaka miwili. Kila siku ya mizani wamama wananiuliza haya haya, sasa nimeona niyaandike tu.

Michezo ya hisia ndo nini, si kuchafua nyumba tu?

Kuchafua kupo, sikudanganyi. Ni mchezo wowote unaomfanya mtoto aguse, anuse, asikie, aone, aonje. Huyu wa mwaka mmoja mpaka mitatu ukimweleza kitu hakielewi mpaka akishike, ikibidi akitie mdomoni. Akimimina maji kikombe hiki kwenda kile anajua kujaa na kuisha, na vidole vinapata nguvu ya kuja kushika kijiko na baadae penseli. Halafu wewe uliyekaa pembeni unamwambia "eeh, yamemwagika, ya baridi hayo", hapo ndo maneno yanaingia, na kwangu mimi hayo maongezi yana kazi kuliko beseni lenyewe.

Mitandaoni wanapaka mchele rangi wanajaza kwenye ndoo, na mimi ninunue?

Mchele! Upake rangi uchezewe utupwe, kwa bei hii? Hapana jamani. Angalia msimu umekuletea nini jikoni na nje, utumie hicho.

Masika mtoto yuko ndani wiki nzima, ananipanda kichwani. Nifanyeje?

Kuanzia Machi mpaka Mei hapa Pwani ndo hali yenyewe. Siku ukipika kwa nazi, ukishakamua tui usitupe chicha. Tandika mkeka, weka chicha kwenye sinia, mpe kifuu kilichosuguliwa kisiwe na ncha na kijiko cha mbao. Wa kwangu siku ya kwanza aliigusa kwa kidole kimoja akavuta mkono, akanusa, akaniangalia, baada ya dakika tano alikuwa amekaa ndani ya sinia. Akionja kidogo hamna shida, we kaa naye tu, na ikianza kunuka uchachu tupa.

Bonge la ugali uliopoa nalo ni zuri kufinyanga. Unga mbichi wa ngano sishauri, unaweza kuwa na bakteria wa kuharisha na kila mtoto lazima alambe, bora uliopikwa. Mvua ikipiga bati mpe makopo matatu na mwiko naye apige, vumilia kelele.

Madimbwi ya nje hapana, maji yale yamepita vyooni, na kipindupindu kinapenda msimu huo. Na maji ya mchezo yakiisha kazi mwaga, usiache ndoo imetuama uani, mbu wa dengi anazaliana humo na anauma mchana, Dar tulishaonja 2014 na 2019.

Kipupwe je?

Huku kwetu Juni mpaka Agosti ni sweta ya asubuhi tu, tokeni nje mkaokote majani makavu ayakanyage asikie yanavyolia. Ila mlioko Njombe na Makete ambako baridi ni baridi kweli, mkicheza ndani msifunge milango na jiko la mkaa likiwaka, lile linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na inaua. Maji ya uvuguvugu yapime kwa kiwiko kwanza.

Na wakati wa joto?

Hapo ndo raha, vuli inakuja na maembe. Embe likishaliwa mpe kokwa na mswaki wa zamani aoshe zile nyuzi, ni kubwa halimezeki na atazama humo muda mrefu kuliko unavyodhani. Embe lenyewe lioshe kwanza kwa sababu utomvu wa kwenye kikonyo unababua ngozi, vile vipele vya kuzunguka mdomo msimu wa maembe mara nyingi ni huo.

Januari na Februari ni maji kivulini. Lakini sikia, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita tano tu, hapigi kelele wala hapigi maji kama kwenye sinema. Simu ikiita ndani nenda naye au usipokee.

Vitu gani hapana kabisa?

Maharage, karanga, punje za mahindi, kokwa za ukwaju, shanga, betri zile bapa kama kifungo. Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, turituri, ni sumu. Mimi mwenyewe nesi niliacha bakuli la maharage sakafuni nachagua, nageuka mtoto ameshaweka moja puani. Shangazi yake akaja na pini ya nywele nikamzuia, maana ukichokoa linaingia ndani zaidi na likilowa linavimba. Tukaenda hospitali wakalitoa. Hilo lilikuwa la puani, ila kitu kikikwama kooni na mtoto hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe umpige mgongoni kati ya mabega mara tano, usiingize kidole kutafuta usichokiona, na mtu mwingine aite msaada.

Akila mchanga?

Atakula tu. Chagua mchanga ambao paka hawajisaidii, mvishe viatu, mnawishe kwa sabuni mkimaliza, na dawa ya minyoo apate kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja, uliza kliniki.

Acheze muda gani?

Mpaka achoke, wengine dakika kumi wameshaondoka. Shirika la Afya Duniani linasema wa mwaka mmoja asikae kwenye skrini kabisa, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, na siku nzima mwili ufanye kazi jumla ya dakika 180, kwa hiyo kumimina maji na kukimbiza kuku vyote vinahesabika.

Wangu analia akigusa kitu kinachonata, ana tatizo?

Wapo wengi, usimshike mkono kwa nguvu, mpe kijiko agusie kwa mbali, kesho tena. Ila kama amefika mwaka na nusu haonyeshi kitu kwa kidole, ukimwita jina hageuki, hatembei bado, au vyakula karibu vyote anakataa, mlete tumuangalie, usisubiri tarehe ya kwenye kadi.