Sabtang: kisiwa ambacho paa la nyumba ni kazi ya kijiji kizima

Ukifungua ramani ya Ufilipino na kupandisha kidole juu kabisa, ukakipita kisiwa kikubwa cha Luzon, utakuta vitone vichache baharini kabla hujafika Taiwan. Hivyo ndivyo visiwa vya Batanes, mkoa mdogo kuliko yote nchini humo: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 18,831 tu. Una manispaa sita, na moja kati ya hizo, Sabtang, ndiyo ninayotaka kuieleza leo. Kazi yangu ni jiografia ya makazi ya watu, na sijaona pengine ambapo upepo umeamua mambo mengi ya maisha kiasi hiki.

Neno manispaa lisikupotoshe. Wakazi wa Sabtang hawafiki 2,000, na wamegawanyika katika barangay sita, yaani vijiji, kila kimoja na kapitani na madiwani wake wa kuchaguliwa. Sinakan na Malakdang ziko kaskazini, penye bandari na ofisi za manispaa. Savidug na Chavayan ziko upande wa mashariki. Nakanmuan na Sumnanga upande wa magharibi. Katikati ni vilima na majabali, kwa hiyo vijiji vyote vimejibanza ukingoni mwa bahari. Kisiwa jirani cha Vuhus nacho ni cha Sabtang. Hakikaliwi na mtu, ila kina malisho ya ng'ombe na makaburi ya kale yaliyopangwa mawe kwa umbo la mashua.

Kufika huko ni kwa faluwa, boti ya wenyeji, kutoka bandari ya Ivana katika kisiwa jirani cha Batan, safari ya nusu saa hivi bahari ikiwa tulivu. Boti nyingi za Ufilipino zina miti ya pembeni kama ngalawa zetu, lakini faluwa haina, kwa sababu mawimbi ya mkondo ule yangeivunja. Bahari ikichafuka hakuna anayevuka, awe mgonjwa, mwalimu au mfanyabiashara. Ndiyo maana kila kaya hujiwekea chakula chake. Waivatan, wenyeji wa visiwa hivi, hutegemea sana mazao ya chini ya ardhi: viazi vikuu, viazi vitamu na magimbi. Tufani inaweza kulaza shamba zima la mahindi kwa usiku mmoja, lakini kiazi kilicho ardhini hakiguswi.

Watu hawakuishi pwani tangu zamani. Mababu waliishi juu ya vilima vyenye ngome, idjang, na cha Savidug bado kinaonekana vizuri sana ukiwa barabarani. Wahispania walitwaa Batanes mwaka 1783 wakataka watu washuke bondeni, karibu na kanisa na mtoza kodi. Mwaka 1791 kiongozi wa Sabtang, Aman Dangat, aliwapinga akanyongwa, na watu wake wakahamishiwa upande wa Ivana. Walirudi kisiwani karne ya 19. Kwa hiyo vijiji vilivyonyooka mitaa, ambavyo wageni huvisifu kwa uzuri, vilianza kwa amri ya watawala.

Nyumba zenyewe ni za mawe na chokaa, ufundi uliokuja enzi hizo za Wahispania. Kuta zake hufikia karibu mita moja kwa unene. Madirisha ni madogo, na ukuta unaokabili upepo mkali zaidi hauna dirisha hata moja. Wapiga picha hupenda kuta hizi, lakini mimi humwomba kila mwanafunzi wangu ainue macho atazame paa.

Paa ni la nyasi za kogoni, nyasi ambazo mkulima wa Afrika Mashariki huziona magugu ya kung'oa. Hukatwa, hukaushwa, hufungwa matita, kisha hupangwa tabaka juu ya tabaka na kukazwa kwa matete na kamba za mtambaa hadi kufikia unene wa shibiri moja na zaidi. Tufani ikitangazwa, wavu wa kamba hutandazwa juu ya paa lote na kufungwa chini. Likifumwa vizuri, paa hilo huweza kudumu zaidi ya miaka 20. Lakini familia moja haiwezi kuliezeka peke yake. Huitishwa yaru, kazi ya ujima ya kijiji kizima: wapo wanaokata, wanaobeba, wanaorusha matita juu na wanaofunga, na mwenye nyumba hulisha watu. Hakuna ujira. Mashambani kuna payuhwan, kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu. Hata kanisa dogo la Santa Rosa de Lima, pale Chavayan, limeezekwa kwa nyasi hizohizo na kwa mikono hiyohiyo.

Chavayan ndipo pia kina mama wanapotengeneza vakul, vazi la kichwani linaloshuka hadi mgongoni na kumkinga mkulima dhidi ya jua na mvua. Majani yake ni ya voyavoy, mtende wa porini ulio ndugu wa karibu wa mkindu wetu. Fundi huchana kila jani nyuzi nyembamba mno, akazipanga safu kwa safu mpaka vazi likawa na manyoya marefu. Msusi wa mikeka wa Pemba angeitambua kazi hiyo mara moja.

Hofu yangu iko kwenye mikono na nyasi. Vijana humaliza shule kisiwani, huvuka kwenda Basco, makao makuu ya mkoa, au Manila, na wengi hubaki huko. Watu wakipungua, yaru inakuwa ngumu kuitisha, na paa la bati linaloezekwa na mafundi wawili linavutia. Siwalaumu wanaolichagua; nyumba inayovuja haisubiri watalii. Ila fedha zinazotengwa kukarabati kuta za mawe bila kufikiria paa naona zinapotea.

Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1991, manispaa za Ufilipino hupanga zenyewe matumizi ya ardhi yao. Ningependa mpango wa Sabtang uoneshe uwanda wa kogoni wa kila barangay, na mipaka yake, kama unavyoonesha shule na barabara, ili nyasi za kuezekea zisikosekane. Na fedha za hifadhi zinapofika, sehemu yake inunue chakula cha siku ya yaru.