Kutoka ubunifu kwenda uhandisi: dhana potofu na ukweli

Mhitimu wa ubunifu wa bidhaa akisema anataka kuingia kwenye uhandisi, hukutana na washauri wa aina mbili. Mmoja humwambia arudi mwaka wa kwanza. Mwingine humwambia ajifunze programu moja ya kuchorea, ajira itakuja yenyewe. Wote wawili wanachanganya mambo mawili: kufanya kazi ya kihandisi, na kutambuliwa kisheria kuwa mhandisi.

Dhana: Bila shahada ya uhandisi hakuna kazi ya uhandisi.

Ukweli: Inategemea nani anaweka sahihi ya kuidhinisha kazi. Daraja, jengo na mitambo mingine inayogusa usalama wa umma huhitaji mtu mwenye leseni. Nchini Marekani njia ya kawaida ni mtihani wa misingi, kisha miaka minne hivi ya kazi, kisha mtihani wa leseni. Ujerumani na Kanada zinalilinda kisheria hata jina lenyewe la mhandisi. Uingereza, kinyume chake, mtu yeyote anaweza kujiita mhandisi, ila cheo cha Chartered Engineer ni cha waliosajiliwa na Engineering Council.

Lakini viwandani mambo ni tofauti. Wengi wanaosanifu vifaa vya nyumbani, vifungashio au maganda ya vifaa vya elektroniki hawana leseni, na wala hawaihitaji. Huko ndiko mbunifu anakoweza kuanza.

Dhana: Ukiijua SolidWorks, programu ya kuchorea vipande kwa kompyuta, umemaliza.

Ukweli: Programu hutii unachoiambia. Ukiiingizia mzigo usio sahihi kwenye uchambuzi wa nguvu, itakupa picha yenye rangi za kupendeza na jibu la uongo, tena bila kukuonya. Anayelitambua jibu la uongo ni yule anayeweza kukadiria kwa kalamu na karatasi.

Dhana: Uliyosoma kwenye ubunifu hayana thamani kwa wahandisi.

Ukweli: Hapa ndipo wahitimu wengi wanapojidharau bure. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani walikuwa wakitua salama, kisha wanakunja magurudumu ndege ikiwa bado ardhini. Lawama ziliangukia marubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aliona kwamba kishikio cha magurudumu na kile cha flapu (vibao vinavyoshushwa nyuma ya mabawa) vilikaa karibu na kufanana. Dawa ilikuwa kubadili umbo: kishikio cha magurudumu kikafanywa kama gurudumu, na cha flapu kama bawa, ili mkono utambue hata gizani. Kanuni za usafiri wa anga za Marekani bado zinaainisha maumbo ya vishikio hivyo kwenye ndege kubwa za abiria.

Hiyo ni kazi ya kihandisi, na imezaa taaluma nzima inayohusu uhusiano wa binadamu na mashine. Leo kiwango cha kimataifa cha IEC 62366 kinamtaka mtengenezaji wa vifaa tiba achunguze na kuonyesha jinsi kifaa chake kinavyoweza kutumika kwa usalama. Aliyefundishwa kumtazama mtumiaji akihangaika na kitu, kisha akabadili kile kitu badala ya kumlaumu mtu, ana la kuchangia.

Njia nyingine ni usanifu kwa ajili ya uzalishaji. Plastiki iliyoyeyushwa ikisukumwa ndani ya kalibu (chombo kinachoipa umbo), kuta za kipande zinahitaji mteremko mdogo, mara nyingi nyuzi 1 hadi 2, la sivyo kitang'ang'ania au kuchubuka kikitolewa. Unene usipolingana, sehemu nene huchelewa kupoa na uso hubonyea. Mbunifu aliyewahi kukaa karakana na kuharibu vipande vichache hahitaji kuelezwa haya mara mbili.

Dhana: Shahada ya uzamili huziba pengo lote.

Ukweli: Zipo programu zilizojengwa kwenye mpaka huu, kama ile inayoendeshwa kwa pamoja na Imperial College na Royal College of Art jijini London, au kitivo cha usanifu wa viwandani cha TU Delft, chuo kikuu cha Uholanzi. Zinafungua milango ya ajira. Leseni ni suala jingine: vyombo vingi vya usajili hutazama kwanza shahada ya awali iliyoidhinishwa, na hata Mkataba wa Washington wa 1989, unaotambua shahada za uhandisi kati ya nchi wanachama, unahusu ngazi hiyo. Kiulize chombo cha usajili kabla ya kulipa ada. Na kama utapangiwa kozi za kujazia, anza na kalkulasi, kwa sababu statiki (somo la nguvu kwenye vitu vilivyotulia) na nguvu za vifaa zinasimama juu yake.

Dhana: James Dyson, mvumbuzi wa kifyonza vumbi, alisomea fanicha na usanifu wa ndani, kwa hiyo hesabu si lazima.

Ukweli: Alisoma hayo, kisha akajifunza uhandisi kazini, chini ya Jeremy Fry katika kampuni ya Rotork. Kifyonza vumbi chake kilifuata baada ya sampuli 5,127 za majaribio. Wanaomtaja huwa wanairuka sehemu hiyo.

Dhana: Jalada la kazi zako lenye picha nzuri litatosha.

Ukweli: Msaili wa kihandisi atapita picha zako haraka na kutua kwenye mchoro wenye vipimo. Atauliza kipimo kinaruhusiwa kuzidi au kupungua kwa kiasi gani, na kwa nini ulichagua nailoni. Weka pia kipande kilichovunjika kwenye jaribio, pamoja na hesabu uliyoirudia baadaye.